Inzi Mdomoni mwa Chozi Jike

Kosa langu la kwanza nililifanya hata kabla sijatoka Kibera: nilimsoma dume, jike nikamruka.

Nyinyi wenzangu wa matembezi ya Jumamosi mnanijua. Sijasomea ndege popote. Mimi ni fundi wa simu, kibanda changu kiko Laini Saba, na yote ninayoyajua kuhusu ndege nimeyaokota mtandaoni nikingoja gundi ya kioo ikauke, au katika kitabu kimoja cha mtumba nilichokipata soko la Toi kikiwa hakina jalada. Kwa hivyo nikijifunza kitu najifunza kwa woga, kama mtu atakayesimamishwa mbele ya watu na kuulizwa. Chozi wa mlimani, yule ndege mdogo wa kunyonya maua, nilimjifunza hivyo kwa miaka. Nilijua haishi pengine ila juu kabisa ya milima, pale miti ya kawaida inapokoma na maji kuganda usiku. Nilijua dume ana kijani kinachometameta kama karatasi ya peremende, mkia wenye manyoya mawili marefu kama utepe, na ubavuni mwa kifua mashungi mawili mekundu ambayo huyafunika kwa mbawa karibu siku nzima. Huyatoa akitaka kumtisha dume mwenzake au kumpendeza jike, kisha huyaficha tena. Wimbo wake niliujua kiasi cha kuupiga mluzi.

Kuhusu jike nilishika sentensi moja: ana rangi ya udongo. Nikafungua ukurasa uliofuata.

Mliponiuliza safari yangu ya kwenda kumwona ilikuwaje nilisema ilikuwa poa. Mkaona ile picha mkaisifu, na mimi nikanyamaza. Nimeanza kuandika haya mara kadhaa nikafuta, kwa sababu nilitaka yatoke sawa. Hayatatoka sawa. Nawapa hivyo hivyo yalivyo.

Gatwekera hadi Kawangware 46

Nilitoka nyumbani Gatwekera kabla jua halijapanda, nikafika relini, nikarudi kuangalia kama nimefunga kufuli. Nilikuwa nimefunga. Nikafika Ngong Road, nikafungua begi kuhakikisha betri za kamera zipo. Zilikuwepo. Kwa mwendo huo nilifika kituo cha Kawangware 46 nimechelewa na nimechoka, na safari ilikuwa bado kuanza.

Adhiambo, binti ya shangazi yangu, anauza chapati na ndengu pale 46. Yeye ndiye aliyekuwa mwenzangu wa safari, na si kwa sababu anapenda ndege. Alikuwa amechoka kunisikia.

"Niaje, daktari wa ndege," aliniambia bila kuinua macho kwenye kikaango. "Nilidhani umeamua kumtumia huyo ndege pesa ya nauli akuje yeye."

"Adhis, bado hujafunga kazi?"

"Nafunga nini? Hii ndiyo mizigo. Huko juu unafikiri kuna kibanda?"

Alifunga chapati kwenye leso mbili, akajaza kopo la omena za kukaanga, akatia na mayai ya kuchemsha. Nikamwambia mzigo utakuwa mzito, nimesoma kwamba mtu anapopanda juu hewa inapungua. Akaniangalia.

"Miaka yote hii nimesikia habari za huyo ndege kuliko nilivyosikia habari za watu wetu wa Siaya. Nipeleke nimuone, nirudi, unyamaze. Lakini njaa sitakubali."

Kwa kanta ya viazi

Adhis hununua viazi kwa dereva mmoja aitwaye Njuguna, anayeshusha mzigo Kawangware kwa kanta, lile lori dogo, kisha anarudi Nanyuki mtupu. Ndiye aliyekubali kutubeba. Alisema tutaondoka sasa hivi. Tukangoja hadi ashushe magunia, hadi ale, hadi abishane na mtu kuhusu gunia lililolowa, hadi alale kidogo kwenye usukani. Mimi nilikuwa nimepanga kila kitu tangu mwezi uliopita, nikakaa pale nikihesabu mwanga unaopotea. Adhis akauza chapati kumi hivi kutoka kwenye mzigo wetu akingoja.

Barabarani sikuweza kula. Kila Adhis aliponipa chapati niliirudisha kwenye leso. Njuguna alinitazama, akatazama zile leso za chapati, akatazama mabegi yetu ya nguo za baridi, akajumlisha mwenyewe. Tulipopita Thika akazima redio.

"Si mngeniambia," alisema kwa sauti ya chini. "Mimi hapa nacheza muziki na nyinyi mnafunga."

Nikamuuliza tunafunga nini.

"Watu wengi wa makanisa huenda kuomba kwa mlima. Nimewabeba wengi. Hawali mpaka warudi." Akabadilisha gia. "Mkifika, mniombee huyu mama wa watoto wangu. Mgongo. Amelala chini tangu mavuno."

Nilifungua mdomo nimweleze kwamba tunakwenda kutazama ndege. Adhis alinifinya paja.

"Anaitwa nani?" akauliza.

"Wangari."

"Tutamkumbuka Wangari."

Njuguna alisimama Karatina kupakia kreti tupu na kunywa chai. Huko nikamwambia Adhis kwamba tumemdanganya mtu. Akasema hajadanganya, yeye ataomba. Mimi roho haikutulia. Tulipopanda tena nikamweleza Njuguna ukweli wote: chozi, mashungi mekundu, maua ya lobelia. Nilieleza kwa urefu, ninavyoeleza. Alisikiliza vizuri sana.

"Ndege," alisema mwishowe. "Ndege hawako Nairobi?"

Akawasha redio. Hakuzungumza nasi tena hadi Nanyuki. Adhis naye alinikasirikia, akasema kuna ukweli mwingine haumsaidii mtu yeyote ila yule anayeusema.

Langoni hadi kambi ya kwanza

Kiongozi wetu alikuwa Gitonga, mtu wa umri wa kati, mcheshi, mwenye mwendo wa polepole uliotushinda wote wawili. Alitupokea kesho yake kwenye lango la mlima la Sirimon, mvua ikinyesha.

"Karibuni, karibuni. Kijana, umefanya vizuri kuja na bibi. Wengine huwaacha nyumbani."

Adhis alicheka hadi akaketi juu ya begi. "Huyu? Huyu nimemuogesha akiwa mtoto! Mimi bwana wangu ana mwili."

Gitonga aliomba msamaha mara nyingi kuliko ilivyohitajika, na kuanzia hapo akawa anamwita mama. Kuelekea kambini kulikuwa na barabara ya kawaida ya kupanda, katikati ya msitu, halafu mianzi kidogo, halafu vichaka. Mvua haikukata. Nilikuwa nimefunga kamera kwa mifuko mitatu ya nailoni, nikawa nafungua kila mara kuangalia kama maji yameingia, na kwa kufungua hivyo ndiyo yakaingia kidogo.

Pale kambini Gitonga alipika wali. Ulikaa motoni muda mrefu na bado punje zilikuwa na moyo mgumu katikati, maana huko juu maji hutokota kabla hayajapata moto wa kutosha. Adhis alionja, akaweka kijiko chini kwa heshima, akatoa chapati. Zilikuwa zimekauka kama sahani. Akazipasha juu ya sufuria, tukala na omena. Gitonga hakuwahi kula omena maishani. Alikula ya kwanza akiwa ameitoa kichwa, ya pili akala nzima.

"Mama," alisema, "hii ukileta huku kwa wabeba mizigo utakuwa tajiri."

"Nani atapanda huku kila siku? Leteni watu wenu 46."

Ilikuwa jioni nzuri. Naisema kwa sababu ni ya mwisho katika safari hii ninayoikumbuka bila kitu kunichoma.

Bonde la Likii

Kutoka kambini kesho yake tulipanda kwenye nyasi ndefu, tukavuka mgongo wa mlima, tukashuka bondeni. Hapo ndipo mimea ya ajabu inapoanza. Lobelia zimesimama kama minara yenye manyoya, ndefu kuliko mtu, na maua yake ya buluu yamejificha ndani ya hayo manyoya. Halafu kuna ile miti ambayo Adhis aliipa jina papo hapo: kabichi juu ya gogo. Kileleni ina majani mabichi mapana, na chini yake majani yote ya zamani yaliyokufa hayadondoki, yanabaki yameshikamana na gogo kwa unene, kama mtu aliyevaa makoti yote aliyo nayo.

"Hata mti unasikia baridi," alisema.

Mimi nilitapika mara moja kando ya njia. Kichwa kilinigonga. Adhis hakuwa na shida yoyote, akanibebea darubini, akanisimanga polepole ili niendelee kutembea.

Halafu tukamsikia. Sauti kavu, ya haraka, juu ya lobelia. Nilimjua kabla sijamwona. Alikuwa dume, ameshika ule mnara kwa kucha, mkia unapeperuka, anachomeka mdomo wake uliopinda ndani ya manyoya ya ua moja baada ya jingine. Alipogeuka kwenye jua alibadilika kutoka mweusi kuwa kijani, kijani kuwa buluu, akarudi mweusi. Nilisahau kichwa.

"Huyu ndiye?" Adhis aliuliza.

"Ndiye."

Alimtazama muda mrefu kwa darubini. "Sawa," alisema. "Nimekubali. Nilikuwa nakuonea."

Tulikaa tukimwangalia akifanya kazi yake. Kila dume ana lobelia zake, na huyu alikuwa askari mkali. Dume mwingine aliingia akidokoa ua moja tu, akafukuzwa hadi ng'ambo ya kijito. Alikula na wadudu pia, akiwadaka hewani pale juu ya maji. Nilipiga picha nyingi sana. Nilipozitazama, kila moja ilikuwa na kasoro: mkia umekatika pembeni, jicho limefunikwa na kivuli. Na hakuna hata moja ambamo ametoa mashungi. Niliyoyafuata ni hayo mashungi. Mwenye akili angeridhika. Gitonga alisema atatangulia kwenye kambi ya pili kusimamisha hema na kupika, tumfuate tukimaliza, njia ni moja haipotezi. Nikasema hatutakawia.

Chini ya mti wa kabichi

Upepo ulizidi. Tulitafuta mahali pa kujikinga tukingoja dume arudi upande wetu, na mahali pazuri palikuwa chini ya mti mmoja wa kabichi, mfupi, gogo lake limefunikwa na majani makavu hadi karibu na chini. Tuliketi tukaliegemea. Lilikuwa na joto kama godoro. Ardhi ilikuwa na maji, kwa hivyo nikang'oa majani makavu kwa mikono miwili, nikayatandika tukalie. Tawi moja la majani lililokuwa likining'inia mbele ya kamera nalo nikalivunja. Nilitaka picha safi.

Hatukukaa sana kabla jike hajaja. Mdogo, rangi ya udongo kama kitabu kilivyosema. Alitua kwenye lobelia iliyokuwa karibu sana nasi, karibu kuliko dume alivyowahi kutua, akaanza kuita. Sauti moja fupi, tena na tena. Hakuondoka. Aliruka kwenye lobelia ya pili, akarudi kwenye ya kwanza. Alitutazama kwa jicho moja, halafu kwa lingine.

Nilifurahi. Naandika neno hilo na mkono unakataa. Nilimwambia Adhis kwa mnong'ono kwamba ndege wa huku hawamjui binadamu, ndiyo maana hawaogopi. Nilikuwa nimesoma hivyo mahali. Nikasema ana udadisi. Nikampiga picha huyo jike kwa sababu tu alikuwa karibu na mwanga ulikuwa mzuri.

"Ochi," Adhis aliniambia, "ana nini mdomoni?"

"Inzi. Nimesema wanakula wadudu."

"Mbona hamezi?"

"Shh. Utamfukuza."

Akashusha darubini. Jike akaita. Mvuke wa pumzi zetu ulipita mbele ya kamera. Dume aliimba mbali upande wa kijito, nikageukia huko, nikarekebisha hiki na kile, nikimngoja aje. Jua lilifunikwa, likafunuka, likafunikwa. Tulikunywa chai ya chupa, tukanywa tena.

"Mimi nauza chakula," Adhis alisema baadaye, kama anayejisemea. "Sijawahi kuona mtu anabeba chakula mdomoni muda wote huu na hali."

"Adhis, tafadhali. Nimesoma mambo ya huyu ndege miaka mingi."

"Sawa, daktari."

Dume hakuja. Ili kupitisha muda nikaanza kutazama picha kwenye kamera, kutoka mwisho nikirudi nyuma, nikivuta kila moja karibu kuangalia kama jicho ni kali. Jicho lilikuwa kali. Manyoya yalihesabika. Mdomoni alikuwa na inzi, bawa moja limetokeza upande wa kushoto. Nikarudi nyuma. Bawa upande wa kushoto. Nikarudi nyuma zaidi, hadi picha ya kwanza kabisa, tulipokuwa ndiyo kwanza tumekaa. Inzi yule yule. Bawa lile lile.

Nadhani nilijua kabla sijasikia. Lakini nilisikia pia: nyuma ya kichwa changu, ndani ya majani makavu niliyoyaegemea, sauti nyembamba mno, kama uzi unavutwa. Jike alipoita, ikajibu. Alipoita tena, ilijibu kidogo tu.

Nililigeukia gogo. Mahali nilipong'oa majani ya kukalia, palikuwa na kitu cha mviringo kilichofumwa kwa nyasi na manyoya meupe ya mimea, chenye mlango mdogo ubavuni. Majani niliyoyang'oa ndiyo yalikuwa paa lake na ukuta wake. Upepo ulikuwa unaingia moja kwa moja.

"Umekalia mlango wa watu," Adhis alisema. Hakusema kwa ukali. Ingekuwa afadhali.

Mnajua kazi yangu. Kitu kikiharibika mkononi mwangu, nakitengeneza, siwezi kulala kama sijakitengeneza. Nilipiga magoti, nikaanza kuokota yale majani, nikajaribu kuyachomeka tena kwenye gogo. Hayakushika. Nikatafuta kamba ya kiatu nifunge. Jani moja likagusa kile kiota kikayumba. Jike aliruka juu ya vichwa vyetu, akapiga kelele, akarudi. Inzi bado yumo.

"Wacha," Adhis alisema.

"Nikifunga hapa tu, upepo hauta—"

"Ochi. Wacha. Nakujua. Ukianza kutengeneza hutamaliza, na huyu mama atangoja hadi lini? Toka."

"Watakufa na baridi."

"Labda. Na ukikaa hapo watakufa hakika. Toka!"

Alinishika kola ya jaketi akaniinua kama alivyokuwa akiniinua kwenye beseni. Tuliacha hata kikombe cha chupa ya chai. Tulivuka kijito, tukapanda upande wa pili hadi kwenye jiwe kubwa, mbali, tukakaa nyuma yake. Nikaelekeza darubini. Jike alikuwa bado kwenye lobelia. Aliruka mara moja kuelekea gogo, akageuka njiani, akarudi. Nilisema kwa sauti, "Ingia, mama. Ingia." Adhis hakunicheka.

Ukungu ulipanda kutoka chini ya bonde, haraka kama kawaida ya huko. Ulimeza kijito, ukameza lobelia, ukameza ule mti. Mara ya mwisho nilipomwona alikuwa bado nje.

Kambi ya pili

Gitonga alikuwa amepika viazi, vya Timau, vikubwa na vizuri. Sikula. Nilimweleza kilichotokea, nikiamini atasema jambo litakalonisaidia, kwa sababu mlima ni wake.

"Aa, kijana, usijisumbue. Ndege huku ni wengi. Huyo atataga tena."

Alisema kwa wema, akanisukumia viazi. Labda ni kweli. Lakini mimi sikuwa nimemkalia mlango chozi kwa ujumla. Nilikuwa nimemkalia yule.

Asubuhi maji ya kwenye ndoo yalikuwa yameganda juu. Kwenye hema letu kulikuwa na barafu nyembamba ya pumzi zetu. Niliitazama nikafikiria kile kiota kisicho na ukuta. Vitu nilivyovipitia kwa macho tu vilinirudia kimoja kimoja, vyote kwa kuchelewa: kwamba jike ndiye anayejenga peke yake na kuatamia peke yake, kwamba huchagua majani makavu kwa sababu yanahifadhi joto, kwamba makinda hayana manyoya. Nilikuwa nimeviona. Vilikuwa vimeandikwa kwenye ukurasa ule ule wa dume, chini kidogo.

Njia ya kurudi ilipita bondeni pale pale. Nilimwambia Adhis nitakwenda kuangalia tu, dakika chache. Kama wako hai nitajua, kama wamekufa nitajua.

Alikuwa anafunga viatu. "Ukikuta wako hai utafanya nini?"

"Nitaondoka."

"Na mama yao atakuwa amefukuzwa tena asubuhi hii ya barafu. Ukikuta wamekufa?"

Nikachukua begi langu.

"Basi unakwenda kwa ajili ya nani?" Akasimama. "Mimi sikukatazi. Wewe ni mtu mzima. Nauliza tu."

Tulipofika mkabala na ule mti niliwaacha Adhis na Gitonga njiani, nikashuka hadi kwenye kijito. Ukungu ulikuwa mwepesi. Niliona gogo, na doa la rangi nyeupe pale nilipong'oa majani. Sikuona ndege yeyote. Kuvuka kijito ni kuruka mara moja. Nilisimama hapo, mguu mmoja kwenye jiwe lenye barafu, nikisikiliza ile sauti ya uzi. Maji yalikuwa yakipiga kelele. Sikusikia kitu, na kutosikia hakukuwa na maana yoyote.

Hapo ndipo dume alipotua. Juu ya lobelia, mbele yangu, kwenye jua la kwanza. Akaimba. Kisha akafungua mbawa kidogo, na mashungi yote mawili yakatoka, mekundu kama makaa yakipulizwa, akayumba kushoto na kulia akiyaonyesha. Ndicho nilichokifuata kutoka Gatwekera. Nilinyanyua kamera, nikapiga moja kabla lenzi haijatulia. Najichukia kwa hiyo moja. Imetoka na ukungu, doa jekundu tu.

Kisha nikaanza kusumbuka: dume anayejipamba hivi, anampambia nani? Kama jike ana makinda, mbona anajipamba? Au ni kwa sababu hana tena? Au alikuwa anamtisha jirani? Madume huimba na kugombana siku zote, nimesoma. Nilitaka kuruka nikaangalie. Mwili wote ulitaka. Mwanga ulipanda kidogo, na upande wa pili, chini, kitu kidogo cha rangi ya udongo kilipita kati ya lobelia mbili kikapotea. Huenda alikuwa yeye. Majike wote ni wa rangi ya udongo.

Niliushusha mguu kutoka kwenye lile jiwe, nikapanda kurudi njiani. Gitonga alikuwa akivuta sigara. Adhis akanipa yai la mwisho la kuchemsha.

Kurudi

Kushuka sina la kusema sana. Mvua tena, magoti, mkate wa Nanyuki. Tulipata gari jingine, si la Njuguna, na sehemu kubwa ya njia Adhis alilala begani kwangu. Karibu na Karatina akaamka akasema, kana kwamba tulikuwa katikati ya mazungumzo, "Wangari nilimwombea. Na hao wadogo pia. Sijui kama inaruhusiwa." Akalala tena.

Ile picha mnayoipenda, mliyoniambia niichapishe kubwa tuitundike ukutani, ndiyo hiyo. Jike kwenye lobelia, jicho kali, manyoya yanahesabika, inzi mdomoni. Mmoja wenu alisema anaonekana kama anataka kuongea. Alikuwa anaongea. Alikuwa akituambia tuondoke.

Kama makinda waliishi, sijui. Watu wananiuliza mwisho wake na mimi sina mwisho wa kuwapa. Nimejaribu kuutafuta, nimesoma kinda anaweza kukaa muda gani bila kuatamiwa, kwa baridi kiasi gani. Nimeacha kusoma hayo.

Kilichobadilika ni kidogo. Juzi nilikuwa Kawangware, kwenye ua wa miiba nyuma ya 46, akatua ndege nisiyemjua. Kifua kilikuwa na rangi nisiyowahi kuiona katika kitabu changu, na nilikuwa na kamera begani. Alikuwa na kiwavi mdomoni na hakummeza. Niliangalia chini nione nimesimama wapi, nikaondoka. Hadi leo sijui alikuwa ndege gani.